Injini Haikupoa Nyumbani Kwangu

Nikimkumbuka Fundi nasonya kwanza. Kucheka kunakuja baadaye, na kuna siku hakuji kabisa. Mzee yule alikaa kwenye kibaraza changu hapa Kamembe mvua, kiangazi, na mvua tena, akitengeneza pikipiki moja tu, ya silinda moja, pikipiki ya Papa yangu iliyo kuukuu kuliko mimi. Alikunywa chai yangu, akala maharagwe yangu, akapaka grisi taulo zangu, na kila nilipomuuliza tumefika wapi, jibu lilikuwa lile lile: "Bado supape, Maman Furaha. Supape tu."

Supape ndizo valvu. Ni vimilango viwili ndani ya injini, kimoja cha kuingiza petroli na hewa, kingine cha kutoa moshi. Nisingependa kuyajua haya, lakini mtu akikaa kwako muda ule wote na mdomo wake haufungwi, utajua tu. Kati ya supape na mkono wa chuma unaoisukuma lazima ibaki nafasi, nyembamba kabisa. Nafasi ikizidi, injini inagonga kama sufuria zinazoanguka. Nafasi isipokuwepo, kimlango hakifungi sawasawa, nguvu inavuja, na siku moja katikati ya mlima supape inaungua. Fundi alikuwa ameweka mpya. Alisema supape mpya zinazama kidogo mashine ikianza kutembea, kwa hiyo lazima apime tena kabla ya safari yoyote.

Na kulikuwa na sheria. Injini ipimwe ikiwa baridi kabisa, imelala tangu jana, maana chuma kikipata joto kinavimba na vipimo vinadanganya. Sheria hiyo aliisema akiwa ameinua kidole, na aliisema kwa kila mtu: kwa katekista, kwa wauza nyanya, kwa mbuzi wa jirani. Basi, utasema, si apime asubuhi tu, kazi ya kunywea chai moja? Ndivyo nilivyosema na mimi. Hukumjua Fundi.

Shida ilikuwa wageni. Mimi ni mfanyabiashara wa kuvuka mpaka. Napeleka nyanya na vitunguu Bukavu, narudi na vitenge, na wenzangu wa upande ule wakija huku wanapita kwangu kushusha mizigo na kupumua. Nyumba yangu haikosi mtu. Sasa mtu yeyote akiingia uani akaona ile pikipiki imeng'arishwa, tangi lake jekundu linawaka juani, anasema nini? Anasema: "Mzee, iwashe kidogo basi tusikie."

Na Fundi anaiwasha. Kila mara! Vibati vyake vya kupimia vimeshatandazwa juu ya gunia, spana imeshashikwa, injini imelala baridi kama maji ya mtungi, na yeye anaweka spana chini, anajifuta mikono (kwenye taulo yangu), anapiga kiki. Mlio unajaa kiwanja, mgeni anapiga makofi, Fundi anainamisha kichwa kama padri anayepokea sadaka. Kisha anazima, anagusa silinda, anatingisha kichwa kwa huzuni. "Aaa. Iko na joto sasa. Leo haiwezekane. Kesho."

Nilimgombeza. Nilimwambia, "Mzee, si ukatae? Sema hapana, neno moja tu!"

Akaniangalia kama nimetukana mama yake. "Maman Furaha, muntu amefika ku nyumba. Wewe unamupatia chai. Mimi hapa niko na nini ya kumupatia? Chai ni yako, kiti ni yako, nyumba ni yako. Niko na sauti ya mashine tu. Nimunyime na ile?"

Alikuwa na methali kwa kila dhambi yake. Nikisema tumechelewa, haraka haraka haina baraka. Nikisema wageni wamezidi, mgeni njoo mwenyeji apone. Siku moja nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, akacheka mpaka akakohoa, akasema hiyo ni ya watu wasiokula vizuri, halafu akauliza kama maharagwe yameiva.

Hakuwahi kusema pikipiki. Alisema "mashine," kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja askofu. Koti lake la kazi lilikuwa la bluu, limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, na hakulivaa kazini. Alilitundika kwenye msumari wangu, akafanya kazi na shati jeupe la kanisani. Ukimuuliza kwa nini, anasema koti la kazi ni ghali. Alichukia mtu mchelewaji kuliko mwizi, na yeye mwenyewe akisema atakuja saa mbili, pika chakula cha mchana kabisa. Vijana wa magereji ya mjini aliwaita "bachinjaji," kwa sababu wanarekebisha supape kwa sikio, injini ikiwa bado inafuka. "Wanasikiliza! Daktari anasikiliza tumbo, sawa. Lakini dawa anapima ao hapimi?" Na huyo huyo, kama mtu wa barabarani amekwama mbele ya lango langu na pikipiki yake ya kubeba abiria, injini inachemka kama chungu, alikuwa anatoka na bisibisi kumrekebishia pale pale, kwa sikio. Nikimwonyesha kwamba nimeona, anasema ile si mashine, ile ni kiatu.

Ukimsifu, anajisifu zaidi yako. Alikulia Bukavu kama wengi waliorudi upande huu wa mpaka, alijifunza kazi huko kwenye karakana ya misheni, na kumsikiliza yeye ungedhani hakuna chuma kilichozunguka upande wowote wa mto Rusizi bila ruhusa yake. Siku moja mwenzangu wa biashara, mama wa Bukavu mwenye mdomo, akamuuliza: "Papa, kama uko fundi namna hii, mbona hii moja haiishe?" Nikafurahi moyoni, nikangoja. Fundi akasema kwa utulivu, "Maman, na ndoa yako imeisha?" Tukacheka wote, hasira yangu ikapotea bila faida.

Ningeweza kucheka hadi leo kama si Papa.

Papa yangu alikuwa agronome, bwana shamba. Pikipiki ile ilimpandisha vilima vyote, Butare, Rwimbogo, akifundisha watu kupanda kwa mistari na kupogoa kahawa. Bado kuna wazee huko wanaomwita Mistari. Sasa anakaa kwangu, na ana ugonjwa wa sukari, na ana dada mmoja tu aliyebaki duniani, shangazi yangu, anayekaa Nkanka karibu na ziwa. Si mbali. Gari linafika. Lakini Papa aliapa: atakwenda kwa dada yake akiendesha pikipiki yake mwenyewe, kama alivyokuwa akienda zamani, aingie uani akipiga honi. Nikimwambia Papa, tupande gari, twende Jumapili tu, ananijibu, "Nitaenda mashine ikiisha." Hata neno alilichukua kwa Fundi!

Na shangazi alikuwa anaisha. Kwanza tukasikia haendi tena shambani. Halafu tukasikia haendi kanisani. Kila aliyetoka Nkanka na samaki alileta habari iliyo chini kuliko ya jana, na kila mara alileta swali lile lile: "Anauliza, kaka yake anakuja lini?" Papa anamwangalia Fundi. Fundi anaangalia injini. Halafu kwenye lango mtu anabisha hodi, karibu, karibu, iwashe tusikie. Yesu wangu! Kuna siku nilikwenda nyuma ya jiko nikatukana peke yangu, mimi mwimbaji wa kwaya.

Kitu kilichonichanganya ni kwamba walipendana, wale wazee wawili. Fundi alimwita Papa "Vieux," yaani mzee, ingawa sidhani wamepitana sana. Alimletea parachichi zisizo na nyuzi, maana Papa anachukia nyuzi. Kiangazi kile, walipoisukuma pikipiki mara ya kwanza uani kwa kuijaribu, injini imezimwa, Papa juu yake, uwanja wangu una mteremko kidogo, ikateleza, ikateleza, ikagonga ukuta wa jiko na kuangusha vyungu vyangu. Papa akanuna, akasema breki ni mbovu. Fundi akajipiga kifua mbele yetu wote. "Kosa yangu, Vieux. Breki ni mbaya kabisa. Nilisahau." Mtu asiyewahi kukubali kosa hata la kuvunja kikombe! Nilishangaa, lakini nilikuwa nakusanya vigae, nikasahau.

Basi ikafika wiki ambayo mchuuzi wa samaki kutoka Nkanka hakuuliza chochote. Aliweka beseni chini akasema, "Mama, kama munaenda, muende sasa. Hasimame tena." Papa alisikia. Alisema, "Jumamosi naenda." Akaingia ndani kutafuta koti lake la mvua, lile la kazini, na nikamsikia anakung'uta viatu vumbi.

Jumamosi asubuhi nilifanya kitu ambacho mama yangu angekiona angefufuka kunipiga kofi. Nilisimama langoni. Katekista akaja, nikamwambia, "Mwalimu, leo hapana." Akadhani hajasikia. Nikarudia. Watu wawili wa Bukavu wakaja na mizigo yao, nikawaambia wapite kwa jirani. Uso uliniwaka kwa aibu, maana kwetu kumrudisha mtu mlangoni ni kumwambia alale njaa. Lakini injini ilikuwa imelala, na ilikuwa baridi, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba leo itapimwa.

Nikarudi kibarazani. Fundi alikuwa ameketi mbele ya pikipiki. Vifuniko vya supape vilikuwa vimefunguliwa, vibati juu ya gunia, kila kitu tayari. Na mikono yake ilikuwa magotini.

"Mzee, iko baridi."

"Najua iko baridi."

"Hakuna mgeni."

"Nimekusikia pale ku lango. Umefanya vibaya sana."

"Basi pima!"

Hakusogea. Hapo hasira yote ya miezi ile ikanipanda kichwani, nikamwambia kila kitu: chai, taulo, maharagwe, methali zake, shangazi yangu anayekufa akiangalia mlango wakati yeye anachezea watu muziki. Nilimwambia ni mvivu. Nilimwambia ni mwongo. Nilipokosa pumzi akasema taratibu, akiangalia mlango wa ndani Papa asisikie:

"Mama, mguu yake haiko."

"Mguu gani?"

"Wa kuume. Wa breki. Ile siku ya vyungu, nilikuwa nimesimama karibu yake. Alikuwa anakanyaga hewa. Mguu ilikuwa pembeni ya pedali, na yeye anakanyaga, anakanyaga, anasema breki haishike. Hasikie kitu, Mama. Ile sukari imemukulia mguu yote. Sasa ile mteremko ya Nkanka, unaijua?"

Naijua. Niliketi chini, juu ya gunia, juu ya spana zake.

"Breki zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa mupya."

"Na wageni?"

Akasugua kichwa. "Wageni walikuja tu. Mungu alibatuma. Mimi nilikuwa nawasha."

Ala! Nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa bisibisi, vyote kwa pamoja. "Sasa si ungemwambia? Si ungeniambia hata mimi?"

"Kumuambia Vieux kwamba hatapanda tena? Mimi?" Alisema hivyo kama nimemwambia aende kuiba kanisani. "Maman Furaha, sijawahi kumukatalia muntu hata kiti. Siyuwe inasemwa namna gani."

Ndiyo hivyo. Mzee mzima, mdomo wake unaamsha mtaa, neno moja dogo lilimshinda, akaiachia injini iliseme kwa niaba yake miezi yote ile. Na shangazi akabaki kitandani akingoja. Nilimhurumia, lakini nisidanganye, hasira haikuniisha. Huruma ya namna ile ina watu wengine wanaoilipa.

Nikamwambia, "Pima supape, Mzee. Hilo neno nitalisema mimi."

Basi nikaona kwa macho yangu kazi ambayo nilikuwa nimeisikia kwa masikio hadi yakachoka. Alisukuma kiki kwa mkono, polepole, mpaka pistoni ikafika juu na supape zote mbili zikalegea. Akalegeza nati ndogo. Akaingiza kibati chembamba, akazungusha skrubu kidogo, akavuta kibati, akarudisha skrubu, akavuta tena. "Kitoke kwa shida kidogo tu," akasema, "kama karatasi chini ya Biblia." Akanipa nivute. Kweli, kilikuwa kinakataa kidogo kisha kinakubali. Akakaza nati, akapima tena kwa sababu nati ikikazwa inaweza kusogeza kipimo, akahamia ya pili. Chai niliyomwekea haikuwa imepoa alipofunga vifuniko. Miezi yote ile! Nilisonya, nikamwona anatabasamu chini ya pua.

Papa akatoka na koti lake la mvua. Alikuwa amenyoa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, ya mzunguko, kama inavyopasa mtoto kumwambia mzazi. Yote yakanitoka kichwani.

"Papa, hutaendesha."

Alidhani natania. Kisha akaona uso wangu. Alimgeukia Fundi.

"Breki?"

Fundi alivua kofia. "Breki zilikuwa nzima, Vieux."

Papa aliangalia kiatu chake cha kulia muda mrefu, kama mtu anayeangalia mgeni asiyemkumbuka jina. Nilijua nimemvunja baba yangu mbele ya rafiki yake, na nilijua ningefanya tena, na vyote viwili viliniuma.

"Shangazi anakungoja, Papa," nikasema. "Usipoenda leo kwa sababu ya hasira yako kwangu, hutamkuta."

Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha shingoni. Halafu akasema, si kwangu, "Fundi, washa."

Fundi akapiga kiki moja tu. Ilikuwa mara ya kwanza niisikie hivyo, mlio umetulia, na ndani yake kidundo kidogo kisichoharakisha. Akavaa koti lake la bluu, akakaa mbele, Papa akapanda nyuma. Ilimchukua muda kuinua mguu ule, hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akashika koti la bluu la Fundi kiunoni, mikunjo ya pasi yote ikaharibika, wakatoka langoni. Hakuniaga. Nilibaki pale nikalia kwa hasira, na kwa uchungu, na sikujua nianze kufua nini kwanza.

Walirudi jioni kabla ya giza. Papa akala, akalala. Alikaa wiki nyingi akiniambia "ndiyo" na "hapana" tu, kama karani wa mpakani. Hakusimulia kitu na mimi sikuuliza. Shangazi akafa kabla mvua haijakatika.

Tulimzika Nkanka. Siku ya matanga, mchana, nilikuwa nimeketi na wanawake tukimenya ndizi, nikamwona Fundi anakuja na kiti chake mkononi. Alikuwa amezeeka ghafla. Koti limepigwa pasi. Akaketi kando yangu bila kuuliza, akachukua kisu, akaanza kumenya vibaya sana, nyama yote inaondoka na ganda. Nikamwambia aache. Hakuacha.

"Vieux amekuambia vile tulifika hapa?" akauliza.

"Papa haniambii kitu, Mzee. Hata chumvi anaomba kwa mtoto wangu."

Akaangalia upande wa wanaume, Papa aliko, akashusha sauti. "Tulifika, nikapiga honi, batu bote bakatoka. Dada yake alikuwa amebebwa akakalishwa ku mlango. Akaniangalia mimi mbele, akamuangalia Vieux nyuma. Nikaona Vieux anatafuta neno. Halafu akasema, kwa sauti kubwa, vile alikuwa anasema na bakulima: 'Dada, kazi yangu imekuwa kubwa. Siku hizi niko na dereva.'"

Kisu changu kikasimama. "Na wewe? Ulisema nini?"

"Ningesema nini?" Fundi alisema. "Nilimushusha, nikamufuta vumbi ku koti. Nikavua kofia kwa dada yake. Kisha nikaenda kusimama inje karibu na mashine, ku jua, vile badereva banasimama, mpaka bakamaliza."